Aidolingi inayoyumba: uliza lini kabla ya kuuliza nini

Foleni ya feri ya Likoni ni mtihani mkali kwa gari kuukuu kuliko barabara yoyote ya Mombasa. Unasogea hatua tatu, unasimama dakika kumi, jua linachoma boneti, AC inafanya kazi, na injini inatakiwa iendelee kuwaka bila kukanyagwa mafuta. Gari lililotoka Diani bila kulalamika likifika pale linaanza vituko: mshale wa mizunguko unashuka hadi 400, usukani unatetema mkononi, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Walio nyuma hawana subira, honi zinaanza.

Magari mengi ya aina hii hupelekwa gereji kesho yake, na tiba ya kwanza huwa ni ile ile. Fundi anafungua boneti, anachukua bisibisi, anakaza skrubu iliyo ubavuni mwa throto mpaka mngurumo unapanda, anasema "tumekuongezea kidogo", unalipa, unaondoka umeridhika. Baada ya muda shida inarudi, na safari hii imekuja na mwenzake. Naendesha Corolla 110 hapa mjini na nimesimama kwenye gereji za kutosha kusema bila woga kwamba skrubu ile imeharibu aidolingi nyingi kuliko ilizowahi kutengeneza. Sababu nitaifikia. Kwanza tuone injini inafanya nini gari likiwa limesimama.

Aidolingi ni ule mzunguko wa chini ambao injini huushika yenyewe mguu ukishatoka kwenye mafuta. Kwa magari mengi ya petroli ya Japani yenye silinda nne, injini ikishapata moto, ni kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika. Wakati huo throto, yaani kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga, imefungwa karibu yote. Hewa kidogo inayohitajika hupita kwenye kinjia cha pembeni, na kwenye kinjia hicho kuna valvu ya umeme ambayo kompyuta ya injini huifungua na kuibana ili mzunguko usipande wala usishuke. Petroli nayo hupimwa kwa kufuata hewa: kwa uzito, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli.

Kwa kuwa kila kitu hapo ni kidogo, kosa dogo huonekana kubwa. Mpira uliopasuka ufa wa ukubwa wa kucha, ukiwa barabara ya Malindi kwenye mizunguko 3,000, huusikii kabisa, kwa maana hewa inayoingia ni nyingi na ule ufa hauongezi kitu. Throto ikifungwa, mvuto ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa, huwa mkali zaidi, ufa unanyonya zaidi, na hewa hiyo ya wizi sasa ni sehemu kubwa ya pumzi yote ya injini. Ni kama baiskeli: ikienda mbio hujisimamia, ikienda polepole ndipo kila kosa la mwendeshaji linapoonekana.

Washukiwa ni wengi: plagi, waya za plagi, injekta, pampu ya petroli, sensa, valvu ya hewa, mipira, gasketi. Mtu akianza kwa kuuliza "nini kimeharibika?" atanunua vyote kimoja kimoja, plagi wiki hii, pampu mwezi ujao, na gari bado linazima Likoni. Swali lenye faida ni "linafanya hivi lini?" Asubuhi tu? Likishapata moto? AC ikiwashwa? Mvua ikinyesha? Ukikanyaga breki? Kila jibu linawaachilia washukiwa nusu waende nyumbani.

Asubuhi, kabla injini haijapata moto

Tuanze na lililo jepesi. Gari linawaka vizuri asubuhi lakini halishiki mpaka ulikanyagie mafuta dakika mbili tatu, kisha linatulia. Usiseme Mombasa hakuna baridi. Kwa injini, nyuzi 27 za asubuhi ni baridi tosha, kwa maana yenyewe imezoea kufanya kazi ikiwa zaidi ya nyuzi 80. Injini baridi inahitaji hewa zaidi na petroli zaidi, ndiyo maana gari lisilo na kasoro likiwashwa hupanda hadi 1,200 au 1,500 kisha hushuka taratibu lenyewe. Lisipopanda, kile kinjia cha pembeni kimezibwa.

Kinachokiziba ni kaboni: moshi wa oili kutoka ndani ya injini hurudishwa kwenye manifoldi ukachomwe, na njiani huacha utando mweusi wenye mafuta kwenye ukingo wa throto na kwenye ile valvu. Hapa kwetu huongezeka vumbi na unyevu wa bahari, utando ukawa lami. Dawa yake ni kopo la dawa ya kusafishia throto, kitambaa na uvumilivu. Toa throto kabisa, geuza, safisha pande zote mbili za kilango, kisha fungua valvu iliyo chini yake na uisafishe mpaka iwe inazunguka bila kukwama. Kupuliza dawa kwa mbele huku injini inawaka kunasafisha uso tu. Unaporudisha tumia gasketi mpya, kwa sababu ile ya zamani ikikunjika ndiyo itakayovuta hewa kesho.

Kwa magari yaliyokuja baadaye, yale ambayo mafuta yake hayana kebo na throto hufunguliwa na mota, kuna tahadhari. Usisukume kilango kwa kidole huku swichi imewashwa, meno ya ndani yanaweza kuvunjika. Na ukishasafisha usishangae mzunguko ukabaki juu, labda 1,200. Kompyuta ilikuwa imezoea kilango kichafu ikakifungua zaidi, na sasa njia ni nyeupe lakini bado inafungua vile vile. Nissan nyingi huhitaji kufundishwa upya kwa utaratibu maalumu, au kwa mashine, kabla hazijatulia. Watu wamenunua throto nyingine ya mtumba kwa kutojua hili.

Maji, themostati na kompyuta iliyodanganywa

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na vitabu vya mafundi wa ughaibuni. Joto la pwani limezaa imani kwamba themostati ni adui. Gari likichemka mara moja tu, fundi wa kwanza atakayelishika ataing'oa na kuitupa, "maji yapite vizuri". Magari mengi ya zamani hapa yanatembea bila hiyo, na wenyewe hawajui.

Themostati ni mlango unaofungwa maji yakiwa baridi na kufunguka yakifika, kwa Toyota nyingi, kama nyuzi 82. Kazi yake ni kuipa injini joto upesi na kulishikilia hapo. Ikiondolewa, maji yanazunguka kwenye rediata tangu sekunde ya kwanza. Sasa kumbuka kwamba kompyuta hujua injini ni baridi au ina moto kwa sensa moja tu ya maji. Maji yasipofika joto lake, kompyuta inaamini bado ni asubuhi: inaongeza petroli, inapandisha aidolingi, na inaendelea hivyo siku nzima.

Dalili yake ina sura ya kipekee. Unatoka Kilifi kwa mwendo wa kasi, upepo unapoza rediata, ukifika kwenye msongamano wa Mtwapa injini inanguruma juu kama imekanyagwa. Ukikaa kwenye msongamano robo saa, joto linapanda na mzunguko unashuka wenyewe. Petroli inaisha haraka na plagi ukizitoa ni nyeusi kama masizi. Mtu akiambiwa hivyo atatafuta injekta mbovu. Mwulize kwanza kama gari lina themostati. Tena kwenye injini kadhaa themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani bila kupita kwenye rediata. Ukiiondoa njia ile inabaki wazi, na gari lililong'olewa themostati lisichemke linaweza kuchemka zaidi likibanwa na kazi.

Sensa yenyewe pia hufa. Ni kitu cha bei ndogo chenye waya mbili, nayo isichanganywe na ile ya waya mmoja inayopeleka habari kwenye geji ya dashibodi. Geji inaweza kuonyesha joto sawasawa na kompyuta ikawa inaambiwa mengine kabisa. Ukiwa na mita ya umeme utaipima nyumbani: chomoa soketi yake, pima ukinzani injini ikiwa baridi, kisha ikiwa na moto. Kwa sensa za Toyota za kawaida utaona kilo-omu mbili au tatu kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kama namba haishuki injini inapopata moto, umempata.

Halafu kuna maji yenyewe. Visima vingi vya kisiwani na vya ufuoni vina chumvi, na wapo wanaojaza rediata kwa maji ya kisima kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Chumvi hula alumini, hugandisha uchafu kwenye vijia vyembamba, na kwenye injini kama ile ya 110 maji ya moto hupita hadi chini ya throto kupitia mipira miwili midogo. Mipira hiyo ikiziba, au ikiunganishwa pamoja ili kuiruka throto kama nilivyokwisha kuona, zile injini za zamani zinazotegemea joto la maji kushusha mzunguko wake hazitaushusha. Hewa iliyobaki ndani ya mfumo baada ya kubadilisha maji huleta shida inayofanana: sensa ikikaa kwenye povu inasema uongo, mshale unapanda na kushuka. Jaza kulenti, yaani maji ya rediata yenye dawa, iliyochanganywa vizuri, acha mfuniko wazi injini ikiwa baridi, washa, fungua hita ya ndani mpaka mwisho, ongeza kila maji yakishuka. Ni jasho kuwasha hita Mombasa, lakini bila hivyo hewa haitoki.

Linapopumua

Kuna tatizo ambalo watu hulieleza kwa mikono kuliko maneno: mshale unapanda 1,800, unashuka 1,000, unapanda tena, vuu… vuu… vuu, kama mtu aliye usingizini. Wengi hudhani kompyuta imeharibika. Mara nyingi kompyuta iko timamu na inafuata sheria yake.

Sheria yenyewe ni hii. Ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kasi, kompyuta hukata petroli kabisa, kwa kuwa magurudumu yanaizungusha injini yenyewe na hakuna sababu ya kuchoma kitu. Mzunguko ukishuka kiasi fulani, petroli hurudishwa. Sasa chukua gari limesimama, throto imefungwa, lakini kuna hewa nyingi inayoingia pasipotakiwa. Injini inapanda. Kompyuta inaona mguu hauko kwenye mafuta na mzunguko umepita 1,500 hivi, inasema dereva anashuka mteremko, inakata petroli. Injini inaanguka. Petroli inarudi, hewa ya ziada bado ipo, injini inapanda. Utapumua hivyo mpaka tanki likauke.

Kwa hiyo gari linalopumua lina hewa ya ziada, na unachotafuta ni mlango wake: ile valvu imekwama wazi, maji yamepungua, au gari linavuta hewa.

Kuvuta hewa kunastahili maelezo zaidi, kwa sababu magari mawili hayafanani. Corolla 110 haipimi hewa inayoingia. Inapima mvuto ndani ya manifoldi na kukisia hewa kutokana nao. Hewa ya wizi ikiingia, mvuto unapungua, kompyuta inadhani injini imeomba zaidi, inaongeza petroli. Matokeo yake ni mzunguko kupanda. Nissan Sunny B14 ina kipimo cha hewa mbele, karibu na chujio. Hewa iliyoingia baada ya kipimo haihesabiwi, petroli haiongezwi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetema na kuzima. Ufa mmoja, magari mawili, dalili zinazopingana. Ndiyo maana ushauri wa jirani mwenye gari la aina nyingine unaweza kukupoteza akiwa anasema kweli tupu. Kwa gari lenye kipimo cha hewa hata mfuniko wa oili usiobana au kijiti cha oili kilichopoteza mpira wake kinatosha kuliyumbisha.

Kutafuta ufa, anza na macho na masikio. Joto la boneti hapa hukausha mipira. Ikunje kwa vidole uone kama inapasuka. Chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni, pitisha nyingine kando ya manifoldi ukisikiliza mluzi. Kisha chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni: nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio injini ikiwaka, mbali na waya za plagi. Mahali mngurumo utakapobadilika ndipo penye mlango. Wapo wanaonyunyiza petroli kwa sindano, na wapo waliounguza magari kwa njia hiyo hiyo. Hata dawa ya kabureta inawaka, na eksozi iko hapo hapo.

Usisahau breki. Mpira mnene unaotoka manifoldi kwenda kwenye lile sufuria la breki ni mlango mkubwa. Mzunguko ukibadilika kila unapokanyaga breki na ukisikia fyuuu karibu na miguu, kiwambo cha ndani kimetoboka. Zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Kanyagio lizame kidogo. Lisipozama, acha habari za aidolingi, shughulikia breki kwanza.

AC ikiwashwa

Kompresa ikishika, injini inabebeshwa mzigo ghafla. Gari lisilo na kasoro hushusha mzunguko kidogo kwa sekunde moja kisha kompyuta hufungua hewa zaidi na kulipandisha, mara nyingi juu kidogo ya lilipokuwa. Lisipopanda, rudi kwenye throto na valvu chafu, kwa sababu valvu iliyokwisha kufunguka yote ili kupita kaboni haina akiba ya kufungua tena.

Lakini kuna hali inayotatanisha hapa mjini: AC inaendeka vizuri kabisa Nyali hadi Bamburi, ukikwama Kongowea tu gari linaanza kulegea. Angalia feni ya kondensa, ile rediata ya kupoza gesi ya AC. Ikiwa imekufa, gari likitembea upepo unafanya kazi yake. Likisimama, gesi haipozwi, shinikizo linapanda, na kompresa inakuwa ngumu kuzungushwa. Injini inazimwa na mzigo, na fundi anaosha injekta. Feni za mtumba si ghali, na fyuzi na rilei yake ni za kukagua kabla ya feni yenyewe.

Mzigo mwingine ni umeme. Pima betri kwa mita injini ikiwaka: volti 13.8 hadi 14.4 ni nzuri. Ikiwa chini ya 13 taa na feni vikiwashwa, altaneta haitoshi, na kompyuta pamoja na koili vinakula umeme dhaifu. Kabla hujanunua altaneta, fuata waya wa ethi kutoka betri hadi bodi na hadi injini. Hewa ya chumvi hugeuza ncha zake kuwa unga wa kijani. Fungua, sugua kwa msasa mpaka shaba ing'ae, paka grisi, funga. Nimeona gari likipona kwa hilo peke yake, fundi mwenyewe hakuamini.

Msimu wa mvua

Linalozima asubuhi ya mvua ya masika na kupona jua likitoka, lina tatizo la moto wa plagi, yaani cheche. Volti maelfu kwa maelfu zinazopita kwenye waya za plagi hutafuta njia ya mkato, na unyevu juu ya waya iliyozeeka ndiyo njia hiyo. Fungua boneti usiku, zima taa zote, washa injini, usiguse kitu. Ukiona cheche za buluu zikicheza kwenye waya au kwenye kifuniko cha distributa, kile kinachogawia plagi umeme, kazi imekwisha. Kwenye 110 chungulia pia mashimo ya plagi: mipira ya pale juu ikichoka, oili hujaa humo na moto huvujia pembeni. Kubadilisha plagi bila kubadilisha mipira hiyo ni kutupa plagi. Na plagi bandia zimejaa madukani. Mwanya wake upimwe, 0.8 hadi 1.1 milimita kwa kufuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu, hata kama pakiti inasema iko tayari.

Gari lililoshuka kutoka Nairobi

Mwenye gari la kabureta alilonunua bara, Datsun au Corolla DX, ana suala la peke yake. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Kabureta haijui hilo, inaendelea kunyonya petroli kwa kipimo cha pwani, kwa hiyo fundi wa Nairobi huipunguza. Likiteremka Mombasa, hewa ni nzito na petroli ilishapunguzwa: mchanganyiko mwepesi, aidolingi inayumba, linakohoa ukianza kuondoka. Skrubu ya mchanganyiko ifunguliwe robo zamu kwa robo zamu mpaka injini iwe laini kabisa, na kama kijeti chenyewe, kitundu kinachopima petroli, kilibadilishwa kirudishwe cha awali.

Faida yetu ni kwamba vipimo vya vitabuni viliandikwa kwa usawa wa bahari. Geji ya mvuto ikichomekwa kwenye manifoldi ya injini nzima hapa itatulia kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Nairobi injini hiyo hiyo ingesoma inchi tano au sita chini. Sindano ikitulia chini ya 15 hapa Mombasa, tafuta ufa au taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, iliyohama. Ikirukaruka kwa mpangilio, tafuta valvu ya silinda moja.

Ile skrubu, na matundu mawili

Sasa tuirudie skrubu. Ile inayosimamisha throto iliwekwa kiwandani ili kilango kisigonge na kukwama. Ukiikaza, kilango kinakaa wazi, na ile swichi au sensa ya pembeni inayoiambia kompyuta kwamba mguu umetoka kwenye mafuta haifiki mahali pake. Kompyuta inaamini unakanyaga, inaacha kusimamia aidolingi. Injini inanguruma juu kwa muda, lakini sasa haina msimamizi: AC ikiwashwa hakuna anayeongeza, usiku ukipoa hakuna anayepunguza, na taimingi nayo imehama. Fundi anayeanza na skrubu hiyo amezima kengele akauacha moto.

Toyota za miaka ya 90 zina kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani mna matundu yenye alama TE1 na E1. Yaunganishe kwa kipande cha waya, swichi ikiwashwa bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, ni 22, sensa ya maji. 31 ni sensa ya mvuto, 41 ni sensa ya throto, 14 ni moto wa koili. Waya huo huo ukibaki mahali pake na injini ikawashwa ikiwa na moto, kompyuta huacha kuchezea taimingi, na hapo ndipo distributa hurekebishwa kwa taa yake, nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa kwa injini ya 110. Kazi yote hiyo haihitaji mashine, ingawa utakutana na watu watakaokutoza fedha za mashine.

Linapomisi muda wote

Likitetema baridi na moto, mvua na jua, kwa mpigo ule ule, silinda moja haifanyi kazi. Chomoa soketi za injekta moja moja injini ikiwaka. Ukichomoa ya silinda nzima, injini itaanguka. Ukichomoa ya silinda mbovu, hakuna kitakachobadilika. Ni salama kuliko kung'oa waya za plagi, ambazo hukupiga moto na kumwaga petroli mbichi kwenye eksozi. Ukishaijua silinda, hamisha plagi yake, kisha waya wake, uone kama ugonjwa unahama navyo. Usipohama, pimisha kompresheni. Injini hizi za zamani za Toyota hazijirekebishi valvu, na valvu ya moshi iliyokaza kupita kiasi haifungi sawasawa: kwenye aidolingi inavuja, kwenye mwendo inaficha.

Na kabla hujalipa shilingi yoyote, tazama mshale wenyewe gari linapotetema. Ukiwa umetulia palepale 750 na bado usukani unacheza, gia ikiwa kwenye D na mguu kwenye breki, kisha utetemeshi unapungua ukiweka N, injini haina kosa lolote. Mipira inayoishikilia kwenye bodi imekatika. Mwombe mtu akae kwenye usukani, breki imekanyagwa na ya mkono imevutwa, abadilishe D na R huku wewe ukitazama kutoka ubavuni. Injini ikiruka kama inataka kutoka, umeona cha kununua. Nunua mipira mipya, kwa sababu ya mtumba imekwisha kuzeeka kwenye gari la mtu mwingine.